Uyoga wa porini Kanda ya Ziwa: tuelekezane kuutambua kabla haujaingia sufuriani

Mchuguuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Vuli imeshashika, kumbikumbi wameruka, na kwenye barabara ya Kisesa kwenda Magu watoto wameanza kusimama na mafungu ya uyoga. Msimu huu naletewa sana kofia zilizokatwa bila shina, au picha ya simu iliyopigwa kwa juu, halafu swali: "Huu unaliwa?" Kwa kofia peke yake hakuna anayeweza kujibu swali hilo kwa usalama. Nimeona nifungue uzi, tuweke pamoja tunachokijua kuhusu uyoga wa huku kwetu, kuanzia Mwanza mjini mpaka Sengerema, Geita na visiwani.

Msimamo wangu ni huu: hakuna kipimo cha jumla kinachotenganisha uyoga unaoliwa na wenye sumu. Unaijua aina moja, unaijua vizuri kuanzia ardhini hadi kileleni, ndipo unaongeza ya pili. Mvuvi wa Kayenze hana kanuni ya kumtofautisha sato na ningu. Anawajua kwa kuwa amewashika mikononi tangu utoto, na uyoga nao unataka hivyo.

Kwa anayeanza, aina ya kuanza nayo ni uyoga wa kichuguu. Kitaalamu ni jamii ya Termitomyces. Nauchagua kwa sababu asili yake unaweza kuikagua kwa jembe. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hawawezi peke yao kumeng'enya vizuri miti na majani makavu. Wanavitafuna, vinapita tumboni haraka, na kwa kinyesi hicho wanajenga masega ndani ya kichuguu. Uyoga unaota juu ya masega, kwanza kama nyuzi na vinundu vidogo vyeupe, unavunjavunja ile sehemu ngumu ya mti, na mchwa wanakula. Ushirika huu ulianzia Afrika, na watafiti wanaukadiria kuwa na umri wa miaka milioni 30 hivi. Mvua zikikolea, shina linapanda kutoka kwenye sega, linatoboa udongo, kofia inafunguka juani.

Kwa hiyo ukichimba taratibu kufuata shina, hulioni likiishia. Linaendelea chini kama mzizi, linazidi kuwa jembamba, mpaka linafika kwa mchwa. Katikati ya kofia kuna ncha ngumu, ndiyo iliyotoboa ardhi. Chini ya kofia kuna kurasa nyembamba zilizopangana, nyeupe mwanzoni, baadaye zinaelekea rangi ya waridi iliyofifia. Chini ya shina hakuna kikombe wala mfuko. Aina nyingine zina pete shinani, nyingine hazina. Ukubwa unatofautiana mno. Kuna ule mdogo kama kucha, unaotapakaa kwa mamia juu ya ardhi pale mchwa walipotoa nje vipande vya masega. Na kuna Termitomyces titanicus, uliopewa jina mwaka 1980 kwa sampuli za Zambia, ambao kofia yake hufika mita 1 kwa upana.

Tahadhari: si kila kinachoota juu ya kichuguu ni uyoga wa kichuguu. Kwenye vichuguu vya sehemu kavu huota uyoga mwingine mrefu, kofia imefumba kama mwavuli usiofunguliwa, na ukikomaa ndani unakuwa unga mweusi. Kwenye vichuguu vilivyohamwa huota vidole vyeusi vigumu. Na mzizi mrefu peke yake hautoshi, kwa kuwa kuna uyoga mwingine wenye mzizi unaotoka kwenye gogo lililooza ardhini. Dalili zote zikubaliane, ikiwemo ya unga.

Unga unaupata hivi. Kata shina, laza kofia kurasa zikitazama chini juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta mbegu zake zimedondoka na kuchora. Uyoga wa kichuguu unaacha unga wa waridi uliofifia. Ukiona mweupe, kijani au kahawia, huo uliookota ni kitu kingine na usiupike.

Karibuni mchangie. Anayejua zaidi yangu anisahihishe hapahapa.

BintiNyegezi

Asante sana kaka kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Naomba kuuliza. Marehemu bibi yangu alikuwa anachemsha uyoga na kitunguu, kikigeuka cheusi anamwaga wote. Mama yeye anasema ukikuta umeng'atwa na konokono au wadudu basi hauna sumu. Na wapo wanaosema ukiuchemsha mara mbili na chumvi ukamwaga maji, sumu inatoka. Tuachane na yote hayo?

Mchuguuni

Dada, yote matatu tuachane nayo, na naomba umwambie mama kwa heshima.

Kitunguu, kitunguu saumu, sarafu ya fedha, vyote vinabadilika rangi kwa sababu nyingine kabisa, na sumu zinazoua haziligusi jambo hilo. Konokono tumbo lake si letu; anakula uyoga unaoharibu ini la binadamu na anaondoka salama. Kuchemsha ndiko kunakoniogopesha zaidi, maana sumu mbaya kuliko zote, amatoksini, haiharibiwi na moto, haiondoki kwa kukausha, wala kwa kugandisha.

Kuhusu bibi, nina uhakika alikuwa anajua mengi kuliko kitunguu chake. Alikwenda kwenye vichuguu vilevile, mvua zilezile, akiokota uyoga aliouona mikononi mwa mama yake. Usalama wake ulitoka huko. Bahati mbaya sisi wajukuu tumerithi kitunguu na vichuguu hatukuonyeshwa.

Mama wa Sengerema

Mwanangu mleta uzi, Mungu akubariki. Mimi nimekulia upande wa ng'ambo, misitu ya miyombo kuelekea Geita. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi ukaendelea ndani, uyoga ni mwingine kabisa na huo wa vichuguu ni sehemu tu.

Kule kuna wa manjano, chini ya kofia hauna kurasa zinazoachana, una mikunjo minene inayoteremka mpaka shinani, na ukiunusa una harufu tamu ya tunda. Kuna unaotoa maziwa ukiukata. Kuna wenye kofia nyekundu ambao shina lake linavunjika kama chaki. Tulifundishwa kwa kutembea. Mama anaweka mmoja kwenye kiganja changu, ananiambia ugeuze, unuse, uvunje. Nikileta mwingine anautupa bila kunieleza sana, ananionyesha tena ule wa kwanza. Sikuwahi kuruhusiwa kuweka kitu kwenye kapu lake mpaka nilipokuwa mkubwa.

Ninachoumia ni mkaa. Mitundu, ile miti ya miyombo, ikikatwa, uyoga wote huo unapotea. Watu wanadhani utaota tena mvua ikinyesha.

Mchuguuni

Mama shikamoo, na asante sana. Hilo la mkaa naomba kila mtu alisome mara mbili. Uyoga wa miyombo unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti hai: wenyewe unaupa mti maji na madini kutoka udongoni, mti unaupa sukari. Hakuna mtu anayeweza kuuotesha kwenye mfuko nyuma ya nyumba. Gunia la mkaa linauzwa mara moja, lakini mti ule ungelisha familia uyoga kila masika kwa miaka na miaka.

Mngoni_Mwanza

Wakuu, mimi ni mtu wa Ruvuma, nimehamia huku kikazi. Kwetu tunakula uyoga mkubwa mweupe wenye kikombe chini, tunauokota miomboni na unauzwa sokoni. Majuzi nimetembea pori fulani upande wa Geita nikauona unaofanana nao sana. Nikaacha kwanza. Ushauri?

Mchuguuni

Mkuu, umefanya vizuri mno kuacha.

Ni kweli kabisa kwamba kusini wanakula uyoga wa jamii ya Amanita wenye kikombe, na ni chakula cha heshima. Lakini jamii hiyohiyo ndiyo yenye aina zinazoua kuliko uyoga wowote duniani. Alama zake kwa kawaida ni kikombe au mfuko chini ya shina, mara nyingi umezikwa udongoni, kurasa nyeupe, unga mweupe, na mara nyingi pete shinani. Anayekata kwa kisu juu ya ardhi anaacha kikombe chini na kwenda nyumbani na kitu ambacho hawezi tena kukitambua. Ndiyo maana nasisitiza chimba.

Kuna mfano ninaoukumbuka kila mara. Wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki walifika Marekani, wakaona uyoga unaofanana na ule wa mabua ya mpunga wanaoula kwao tangu utoto. Wakaupika. Kumbe ilikuwa Amanita phalloides, na watu walipoteza ini na maisha. Walikuwa waokotaji wazoefu. Uzoefu wao ulikuwa wa mahali pengine.

Wewe unaujua uyoga wa Ruvuma. Wa huku hujaonyeshwa na mtu. Ushauri wangu kwa wote: uyoga wenye kikombe chini usiuokote kabisa, isipokuwa umefundishwa ana kwa ana na mtu wa eneo hilohilo anayeula mwenyewe kila msimu.

Majaruba

Hapo umegusa mabua ya mpunga. Sisi Misungwi baada ya kuvuna na kupura, kwenye marundo ya majani yaliyolowa unaota uyoga wa kijivu, mwanzoni uko kama yai, baadaye unapasuka na kuacha mfuko chini. Tunakula. Huo nao una kikombe, tuache?

Mchuguuni

Huo unaoueleza unalingana na Volvariella, ndiyo uleule wanaoula Asia. Una mfuko chini, hauna pete, na unga wake ni wa waridi. Amanita unga wake ni mweupe. Pia huu wenu unaota juu ya mabua yenyewe yanayooza, au kwenye migomba iliyooza, Amanita unatoka udongoni karibu na miti. Tofauti zipo wazi ukizipima zote. Lakini katika hali ya yai hazionekani, kwa hiyo yai lisiingie kapuni. Wenyeji mliokua nao endeleeni kwa uangalifu huo, na kila rundo jipya chukueni unga. Mtu wa mjini anayesoma hapa asianze na huu.

Kota ya Capri Point

Naomba msaada wa haraka kidogo. Kwenye bustani ya nyasi hapa tunapoishi umeota uyoga mkubwa mzuri, kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia katikati, shina lina pete inayosogea juu na chini. Dada wa kazi anasema kwao wanakula. Uko mwingi na unavutia kweli.

Mchuguuni

Msile. Mwambie dada kabla hajapanga chakula cha jioni.

Maelezo yako yanaangukia pabaya. Kuna uyoga unaoitwa Chlorophyllum molybdites, unapenda nyasi zilizokatwa za bustani, viwanja na shule katika nchi za joto, na ndio unaosumbua matumbo ya watu wengi kwa sababu unapendeza machoni. Fanya kipimo cha unga: ukitoka wa kijani kilichofifia, ndio wenyewe. Ukiwa mchanga kurasa ni nyeupe, ukijani unakuja baadaye, kwa hiyo kuangalia tu hakutoshi. Mara nyingi hauui, lakini ndani ya saa 1 hadi 3 mtu anatapika na kuhara vibaya, na kwa mtoto mdogo kupoteza maji kiasi hicho ni hatari. Kama kuna watoto hapo, ung'oeni na kuutupa.

Kota ya Capri Point

Karatasi imetoka kijani leo asubuhi. Tumeung'oa wote, na dada mwenyewe ndiye aliyeifunua bakuli akashangaa. Asante sana kaka.

Zamu ya Usiku

Nami nichangie upande wangu. Nafanya kazi ya uuguzi, sitataja wapi. Wagonjwa wa uyoga nimewahudumia, na kitu kinachotuangusha ni saa.

Uyoga unaoumiza tumbo tu huanza mapema, kuanzia nusu saa hadi saa 3 baada ya kula. Wenye amatoksini huchelewa. Mtu anakula mchana, analala vizuri, baada ya saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24, ndipo kutapika na kuhara kunaanza kwa nguvu. Kwa sababu muda umepita, familia inasema ni malaria, au kipindupindu, au maji. Halafu siku ya pili mgonjwa anapata nafuu, anakaa, anaomba uji, na familia inaomba kurudi nyumbani. Nafuu hiyo ni ya uongo. Ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu hadi ya tano macho yanakuwa ya manjano, damu haigandi, fahamu zinapotea.

Naombeni sana mambo haya. Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, nendeni kituo cha afya kilicho karibu saa hiyohiyo. Wao ndio watakaoamua rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Beba mabaki ya uyoga, yaliyopikwa na mabichi, hata maganda yaliyotupwa jalalani. Taja saa ya kula na saa ya kuanza kuumwa. Wapelekeni wote waliokula sufuria ile, pamoja na asiyeumwa bado. Njiani mpeni maji ya chumvi na sukari ya dukani, ile anayopewa mtu anayeharisha, kama anaweza kunywa. Maziwa hayaondoi sumu. Mkaa wa jikoni siyo ule unaotumika hospitali. Na kutapika mapema hakumaanishi mmeponea, kwa kuwa kapu moja linaweza kuwa na aina mbili.

Uyoga uliobaki mezani ndio unaotusaidia kujua tunapambana na nini. Usioshe vyombo kwanza.

Mchuguuni

Dada (au kaka) wa zamu, ningeweza ningeupandisha mchango huu juu kabisa ya uzi. Wakuu, unakilini mtume kwenye makundi ya familia na ya vikoba. Mimi nimejiwekea kanuni kutokana na haya: kila ninapopika uyoga wa porini, mmoja mzima na mzizi wake unabaki pembeni umefungwa kwenye karatasi mpaka siku inayofuata.

Mkerewe

Kwetu Ukerewe, shamba la miti la Rubya, chini ya misindano unaota uyoga wa kahawia unaoteleza kofia ikilowa. Chini hauna kurasa, una vitundu vidogo vya njano kama sifongo. Vipi huo?

Mchuguuni

Huo unaelekea kuwa Suillus, uliletwa na misindano yenyewe kwa sababu unaishi na mizizi yake. Nchi nyingi unaliwa baada ya kumenya ile ngozi inayoteleza, ingawa matumbo mengine yanaukataa. Huku bado hauna mabibi wa kutuelekeza. Na shamba lile ni la serikali, omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kuingia na kapu.

Kwa kuwa tumefika kwenye ruhusa: ndani ya hifadhi za taifa, yaani Saanane na Rubondo, hakuokotwi kitu. Kichuguu kilicho shambani kwa mtu ni cha mwenye shamba, mpigie hodi. Usibomoe kichuguu kufuata mizizi yote. Chimba mmoja au miwili kwa utambuzi, mingine ing'oe taratibu na ufukie shimo, msimu ujao kitakupa tena. Tangulia na fimbo, vichuguu vya zamani ni nyumba za nyoka. Usiokote kandokando ya barabara kuu, kwenye mashamba ya pamba yaliyopuliziwa dawa, wala karibu na mialo ya kuchenjua dhahabu. Uyoga unakusanya zebaki na madini mengine mazito mwilini mwake hata kama aina yenyewe ni salama.

Mjasiriamali wa Buhongwa

Mkuu, kwa hatari zote hizi, kwa nini watu wasilime mamama tu, ule uyoga wa kuotesha nyumbani? Mimi naotesha kwenye mifuko, natumia mabua ya mpunga na mabaki ya pamba, nachemsha kuua wadudu, naweka mbegu, kila siku nauza. Hakuna wa kulazwa.

Mchuguuni

Ndugu, nakuunga mkono na kwa anayetaka kitoweo tu bila kujifunza, anunue kwako. Lakini uyoga wa kichuguu bado haulimwi; ukiondoa mchwa, hauzai kofia, na ladha yake haina mbadala. Pia mtoto anayecheza Igombe au Luchelele ataukuta uyoga porini hata kama mama yake ananunua mamama. Elimu hii inamhusu.

BintiNyegezi

Kaka, nimerudi. Mama amesoma, ameelewa. Jumamosi tunakwenda Usagara kwa shangazi, ana vichuguu viwili shambani na yeye anaula kila mwaka. Tukipata, tunaupikaje na tunautunzaje?

Mchuguuni

Safi sana, na shangazi ndiye mwalimu wenu, mimi mniweke pembeni. Akiwaonyesha, mgeuze kila mmoja, mfuate mzizi, na mchukue unga kabla ya kula kwa mara ya kwanza.

Uyoga hauvumilii kukaa. Utumie kapu au kitambaa, mfuko wa plastiki unauchemsha na kuuozesha kabla hamjafika mjini. Pika asubuhi yake baada ya kusoma karatasi ya unga. Kwarua udongo kwa kisu, suuza haraka, kata mzizi mgumu, chana kwa mkono kufuata nyuzi. Usile mbichi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia uyoga, utatoa maji wenyewe, uache uive vizuri mpaka maji yakauke, ndipo uongeze karanga zilizosagwa zilizokorogwa na maji kidogo. Kwa ugali wa muhogo ni chakula kamili.

Anayekula kwa mara ya kwanza ale kidogo, maana kuna mwili unaokataa hata uyoga mzuri. Hii ni kwa uyoga uliokwisha kutambuliwa tu. Kuonja kidogo si namna ya kupima sumu.

Wa kutunza uchane vipande vyembamba, uanike juani kwenye mkeka safi mpaka uvunjike ukiukunja, uweke kwenye chombo kikavu kinachofunga. Andika tarehe na mahali mlipouokota. Usichanganye wa kichuguu cha kwanza na wa cha pili kwenye chombo kimoja, ili kukitokea neno mjue umetoka wapi.